Dobi wa manowari: nguo nyota tano, mkataba nyota moja

Nilikuwa mpishi kwenye manowari moja ya jeshi la majini la Uingereza, jina la meli naliacha maana nitakayosema sio yote mazuri, na katika safari moja ya miezi 7 kitu nilichokitegemea kuliko vyote ukitoa kisu changu ni dobi. Watu wakisikia manowari wanawaza makombora na rada, hawawazi kwamba mle ndani mna watu karibu 200 wanaotoka jasho kila siku na hakuna hata kamba ya kuanikia. Sasa nguo zinaenda wapi? Wakati wangu zilikuwa zinaenda chini, kwa Wachina watatu wa Hong Kong, raia tu, hawana cheo wala bunduki, na hiyo ndio huduma ninayotaka kuitolea maoni yangu leo.

Kwanza neno lenyewe lilinishangaza. Sisi tunasema dobi wala hatujiulizi, kumbe mabaharia wa Kiingereza nao wanasema hivohivo, wote tumelitoa India. Melini kufua ni dobi, nguo chafu ni dobi, hata sabuni ya unga wanaiita vumbi la dobi. Siku ya kwanza bosi wangu wa jikoni kaniambia kwa Kiingereza chake peleka dobi yako chini, nikahisi kama kuna mtu kaniita kwa lugha yetu kwenye nchi ya watu.

Huduma ilikuwa hivi. Una begi lako la neti lina namba, unajaza karatasi shati ngapi suruali ngapi, unashusha asubuhi, kesho yake jioni unaikuta imekunjwa imefungwa na karatasi yako juu. Nilivyokuwa jikoni nilikuwa na koti jeupe la kila siku na mimi ni mtu wa mchuzi na mafuta ya moto, basi miezi 7 yote sijawahi kurudishiwa koti lenye doa, HATA MARA MOJA, na sijawahi kupewa soksi ya mtu mwingine. Watu 200 wote wanavaa nguo zinazofanana rangi, fikiria hiyo. Siri yake ni wino. Ndani ya kola walikuwa wanaandika alama ndogo za Kichina, kila mtu na yake, na kwa muda mrefu nilidhani wameandika jina langu. Baadae kabisa nikamuonyesha mtu anayejua kusoma akaniambia hilo ni jiko. Kwao mimi nilikuwa jiko, na kweli ndio nilikuwa.

Kwa maofisa ndio usiseme. Meli ikiingia bandari za joto maofisa wanavaa sare nyeupe tupu, shati jeupe kaptula nyeupe soksi nyeupe, na jioni kuna wageni wanapanda melini, mabalozi na wake zao. Hizo nguo zinatiwa wanga zinapigwa pasi mpaka mkunjo unakata kama wembe, na pasi yenyewe sio hii ya nyumbani, ni lile dude la kubana la mvuke, unalifunga kwa mkono huku meli inalala kushoto inalala kulia. Mzee mkuu wao alikuwa na alama za kuungua mikono yote miwili kuanzia kiwiko kushuka, za zamani na mpya, nilimuuliza akasema hizo ni za bahari mbaya, bahari nzuri haziji.

Huyo mzee wote melini walimwita Namba Wani, ni jina la mkuu wa madobi tangu zamani, meli zote wanaitwa hivo. Mimi alikuwa ananiita Shefu, na mimi nilishindwa kumwita Namba Wani kama vijana wengine kwasababu umri wake ni wa baba yangu, nikawa namwita Mzee, nikamweleza maana yake, akalikubali akacheka. Urafiki wetu ulianza kwa wali. Jikoni kwetu wali ulikuwa wa kwenye trei, umelowa, yeye alikuwa anakuja mlangoni anautazama anaondoka, nikaanza kumpikia sufuria ndogo pembeni, mkavu, punje zinaachana, baada ya hapo nikawa najua mambo ambayo mteja wa kawaida hayajui. Ndio maana maoni yangu hayawezi kuishia kwenye nguo.

Kile chumba cha kufulia. Kiko chini, hakina dirisha, mashine za kufulia mbili, za kukaushia, pasi, mapipa ya sabuni, marobota ya nguo mpaka darini. Meli ikiwa maji ya joto mle ndani huwezi kukaa dakika kumi na shati mwilini, na mimi ni mtu wa jikoni joto nalijua. Halafu kuna vumbi la nguo, zile nyuzinyuzi zinazoachwa na mashine za kukaushia, usipozitoa kwenye chujio kila mzunguko zinashika moto, na moto ndani ya meli hakuna anayeutania. Kwahiyo hata wakichoka hawawezi kuacha kusafisha. Niliwahi kushuka saa nane usiku kuanza mikate nikamkuta kijana wao mmoja amelala juu ya robota la mashuka, mashine inazunguka, yeye anasubiri ilie tu aamke atoe aweke nyingine.

Sasa jambo ambalo wateja wengi hawalijui, na mimi sikulijua mpaka Mzee aliponieleza. Sisi tulidhani jeshi linawalipa mshahara kama sisi. Kwenye mpango wao hela kubwa ilikuwa inatoka kwenye zile karatasi zetu, shati peni kadhaa, suruali peni kadhaa, mwisho wa mwezi unalipa, na kabla haijawafikia kuna kampuni yenye mkataba nayo inachukua fungu lake. Yaani hela yangu ya shati ndio mshahara wake. Chukua hilo halafu weka na maji. Meli inatengeneza maji baridi yenyewe kutoka baharini, mtambo ukisumbua maji yanabanwa, na cha kwanza kufungwa ni dobi, sio jiko wala sio mabafu, dobi. Tangazo likipita kwenye spika kwamba dobi imefungwa mpaka itakapotangazwa tena sisi tulikuwa tunaguna tu, eti nitavaa nini, kumbe kule chini kuna watu watatu kipato kimesimama na bado wako katikati ya bahari hawawezi kwenda popote. Mtambo ukipona nguo za siku nne zinashuka kwa pamoja na kila mtu anataka zake kesho. Hiyo ndio ilikuwa wiki ya kulala juu ya mashuka.

Nitasema na la sheria kidogo kwasababu nimelifuatilia. Kuna Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, wa Shirika la Kazi Duniani, ulianza kutumika Agosti 2013. Ni mkataba mzuri, unasema baharia apate mapumziko yasiyopungua saa 10 kwa siku na saa 77 kwa wiki, unasema habari za mkataba wa maandishi, matibabu, kurudishwa kwao kwa gharama ya mwajiri, sehemu ya kulala. Dobi wa meli ya watalii unamgusa. Lakini kifungu cha pili kinasema wazi hauhusu meli za kivita wala meli za usaidizi za jeshi. Basi mwanajeshi ana sheria zake za jeshi, ana cheo, ana pensheni, baharia wa meli ya mizigo ana huo mkataba, huyu raia anayefua nguo ndani ya manowari amebaki na karatasi aliyosaini na kampuni, basi. Na kanuni za Uingereza za mwaka 2011 kuhusu usawa kazini kwenye meli zimeruhusu baharia aliyeajiriwa nje ya nchi alipwe tofauti kwa sababu ya uraia wake. Imeandikwa kabisa, mtu anaruhusiwa kulipwa kidogo kwa alikotoka. Nilivyoisoma hiyo niliifunga simu nikakaa kimya.

Na msidhani kwa sababu ni raia basi hatari haiwafiki. Vita vya visiwa vya Falkland 1982, Uingereza na Argentina, tarehe 4 Mei HMS Sheffield ilipigwa kombora la Exocet, watu 20 wakafa, mmoja wao dobi, Lai Chi Keung. Tarehe 25 Mei HMS Coventry ilipigwa mabomu na ndege za Argentina ikapinduka na kuzama, watu 19, mmoja wao dobi, Kyo Ben Kwo. Watu waliopanda meli kufua na kupiga pasi. Kombora halichagui nani kasaini fomu ya jeshi na nani kasaini fomu ya wakala. Vita ileile tarehe 8 Juni meli ya usaidizi Sir Galahad iliungua ikiwa imejaa askari, baharia mmoja wa Hong Kong, Chiu Yiu-nam, aliingia kwenye moto na moshi akawatoa askari waliokuwa wamekwama kule ndani, akapewa nishani ya George, nishani kubwa sana kwa raia. Kwahiyo nikisikia mtu anasema hawa ni watu wa kufua tu naumia, sifichi.

Kingine kutoka vita ileile ambacho kinaigusa nguo yenyewe: sare za kazi za wakati huo zilikuwa na poliesta, moto ulipowafikia watu kitambaa kiliyeyuka kikanata kwenye ngozi, ndio baadae wakarudi kwenye pamba. Sisi pia tulikuwa na zile kofia na glavu nyeupe za pamba za kukinga uso na mikono mlipuko ukitokea, zikichafuka mafuta kinga inapungua, na anayezitoa mafuta ni nani? Dobi. Mzee alikuwa anazifua peke yake, hakuwaachia vijana.

Halafu kuna akina mama wa bandarini Hong Kong, hawa hawakuwa wanasafiri lakini siwezi kuongelea kazi za Wachina kwenye manowari nikawaruka. Walijulikana kama kundi la Jenny, mkuu wao jina lake halisi Ng Muk-kah. Tangu mwaka 1928 mpaka 1997 Uingereza ilipoukabidhi mji kwa China, manowari ikitia nanga walikuwa wanakuja na sampani zao, vile vimashua vya Kichina, wanakwangua kutu na kupaka rangi ubavu wote wa meli, wanasafisha, wanasaidia kufunga kamba kwenye maboya. Mshahara? Jeshi halikuwalipa. Malipo yao yalikuwa mabaki ya jikoni, vyuma na kamba chakavu, na ruhusa ya kuwauzia mabaharia soda. Meli nzima inapakwa rangi kwa makombo. Manahodha waliwapenda kweli, waliwaandikia barua za sifa nyingi mpaka Jenny akawa na albamu zake, na mwaka 1980 akapewa nishani ya Dola ya Uingereza. Mimi kama mpishi najua mabaki ya jikoni la meli yanafananaje, ndio maana habari hii hainitoki. Barua ya sifa nzuri, nishani nzuri, lakini mtu aliyepaka rangi meli ya kivita alistahili bahasha yenye hela siku ya Ijumaa kama mpaka rangi mwingine yeyote.

Na hii tabia ya kumtumia mtu halafu kumuondoa ina historia. Wakati wa vita kuu ya pili mabaharia Wachina maelfu, inatajwa hadi 20,000, walikuwa kwenye meli za mizigo za Uingereza, makao yao Liverpool, wakipita humohumo kwenye manyambizi ya Wajerumani, mshahara hata nusu ya mwenzake Mwingereza haufiki na ile posho ya hatari ya vita ya pauni 10 kwa mwezi wananyimwa. Mwaka 1942 wakagoma ndio wakapata nyongeza. Vita vilivyoisha, Oktoba 1945 wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza ikakaa kikao cha kuwarudisha kwao, na mpaka 1946 wanaume kama 2,000 walikuwa wamerudishwa China, wengine wameacha wake na watoto Liverpool bila hata kuaga, watoto wamekua wanaamini baba aliwakimbia.

Sasa nije kwa huduma ilivyo leo. Januari 2024 magazeti ya Uingereza yaliandika kwamba jeshi la majini linaachana na madobi Wachina, utaratibu uliokuwepo karibu karne nzima, kwa hofu ya ujasusi, na nafasi zao zinachukuliwa na Wanepali waliowahi kuwa Gurkha, yaani askari wa Kinepali kwenye jeshi la Uingereza. Yaliandika kuna dobi wa miaka 39 kazini ameondolewa kwasababu familia yake iko Hong Kong. Nchi ina haki ya kulinda siri zake, hilo silikatai, China ya leo sio ya 1960 na mtu mwenye familia kule anaweza kubanwa bila kupenda kwake. Lakini miaka 39! Huyo mtu amefua nguo za manahodha ambao sasa ni maadmirali wastaafu. Kama tatizo ni usalama mshushe kwenye meli, sawa, halafu mlipe kiinua mgongo cha miaka 39, mpe makazi, mpe barua. Machi 2023 serikali ya Uingereza ilitangaza kuwafungulia mlango wa makazi waliokuwa wanajeshi wake wa Hong Kong kabla ya 1997, jambo jema sana na lilichelewa, ila ule mlango ni wa waliovaa sare. Aliyepiga pasi hiyo sare hayumo.

Kwa watakaopanda manowari sasa wakihudumiwa na hao Wanepali, nina ya kuwaambia kama mteja. Toa kila kitu mfukoni, kalamu moja inaharibu nguo za chumba kizima cha mabaharia na atakayelaumiwa sio wewe. Nguo za sufi weka pembeni. Usishushe begi usiku wa manane ukadai la asubuhi. Na uliza mkataba wao ukoje, uliza wazi tu, wanalipwa kwa kipande au kwa mwezi, maji yakikatika wanapata nini, wakiugua nani analipa. Sisi hatukuuliza, tulikuwa tunaacha begi mlangoni tunapanda ngazi.

Hukumu yangu kama mteja: ubora wa kazi nyota tano na kama kungekuwa na ya sita ningeweka. Muda nyota tano. Bei ilikuwa ndogo mno na hapo ndipo nyota zinaanza kupungua, maana mle ndani hapakuwa na muujiza, ilikuwa ndogo kwasababu kuna mtu kalala juu ya robota. Mkataba nyota moja, na hiyo moja ni kwasababu chakula walikula bure na mimi ndio nilikuwa napika.

Siku ya kurudi bandarini ilikuwa asubuhi, bendi inapiga, familia zimejaa, sisi tumepangwa kwenye deki kingo zote tumevaa sare, na zilivyokuwa zimenyooka hata mimi nilijiona mtu mwingine. Madobi hawakuwa kwenye mstari. Nilivyoteremka kuchukua begi langu nikamkuta Mzee kwenye meza na daftari lake anapiga hesabu, amekunja uso. Kuna vijana walikuwa wameshashuka bila kulipa, na mmoja ni wa jikoni kwangu, tumelala chumba kimoja miezi 7, kadaiwa pauni 11 na kitu, simu hapokei. Nikatoa pauni 12 nikaziweka juu ya daftari nikasema hizi ni za yule wa kwangu. Mzee hakuzigusa kwanza, akaniambia Shefu hili sio deni lako. Nikamwambia najua. Akavaa miwani, akatafuta jina la yule kijana, akalikata kwa rula, akafungua kopo la sarafu akahesabu polepole, akanirudishia peni 40.